Mama Alivyoingia Uskoti kwa Jina la Mdogo Wake

Mama yangu na mama mdogo Oddny ni mapacha wa kufanana. Sisemi kufanana kwa mbali. Mpaka leo, na miaka yao sabini na miwili, daktari wao wa meno huwauliza majina kabla ya kuwaambia wafumbue kinywa. Mama, anayeitwa Torbjørg, ndiye kulwa. Alimtangulia mwenzake kwa dakika kumi na moja, na dakika hizo amezitumia maisha yake yote. Yeye huamua, Oddny hufuata. Mama akisema mwaka huu tunapanda viazi vyekundu, vitapandwa vyekundu pande zote mbili za ua unaotenganisha nyumba zao pale Haugesund, Norwei. Na tangu baba afariki, miaka sita iliyopita, sidhani kama imepita asubuhi moja ambayo hawakunywa kahawa pamoja.

Kisha Oddny, ambaye hakuwahi kuolewa, akapata mwanamume.

Alimpata jikoni. Mwezi wa tisa ilikuja kwaya ya wazee kutoka Uskoti kuimba kanisani kwetu, na Oddny alikuwa kwenye zamu ya kupika supu ya samaki. Mzee mmoja alirudi kuomba bakuli la tatu, akabaki kuosha masufuria. Aliitwa Innes. Alikuwa na miaka sabini na minne, amefiwa na mkewe, na kwa miaka ishirini alikuwa fundi wa kreni kwenye mitambo ya mafuta katika bahari yetu, kwa hiyo Kinorwei anakijua, ingawa anakizungumza kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Alipokwenda kwao alipiga simu kusema amefika salama. Kesho yake akapiga tena. Toka hapo alikuwa anapiga kila siku saa mbili asubuhi, saa ileile ya kahawa.

"Mwanamume wa umri ule ana nini cha kusema kila siku?" Mama aliuliza.

"Jana alinieleza alivyozibua mfereji wa paa," Oddny akajibu.

"Na leo?"

"Leo mvua imenyesha kwao. Alikuwa ananieleza kama mfereji umefanya kazi."

Mama alinitazama mimi kama vile ndimi niliyemleta huyo Innes mjini.

Ilipofika mwezi wa sita Oddny akaalikwa kwenda kumtembelea, wiki mbili. Mama akasema na yeye anakwenda. Hakualikwa, lakini hilo halikumsumbua. "Nakwenda kumkagua," alisema. Aliandika maswali kumi na manne nyuma ya bahasha ya bili ya umeme, kuanzia afya ya figo zake hadi sababu ya kifo cha mkewe. Mimi nikachukuliwa niwe dereva na mkalimani, maana Kiingereza chao wote wawili ni cha shuleni, na shule ilikuwa zamani.

Kazi yangu ni kufundisha watu kuendesha gari. Nalipwa kuona ajali kabla haijatokea. Ile sikuiona.

Ndani ya ndege Mama aliketi dirishani, upepo wa baridi ukimpiga kichwani kutoka kwenye kile kitundu cha juu. Oddny, kwa ile furaha yake na wasiwasi wake, alikuwa anatokwa jasho. "Hebu nipe koti lako, lina kofia," Mama akasema. Oddny akavua koti lake la bluu, akapewa la kijivu la Mama, akalikunja mapajani. Wote wawili, toka utotoni, huweka hati zao kwenye mfuko wa ndani upande wa kushoto. Sikulifikiria hilo hata kidogo. Nilikuwa nasoma menyu ya sandwichi.

Uwanja tulioshuka sitautaja, kwa sababu maofisa wake walituvumilia kuliko tulivyostahili. Mvua ilikuwa inanyesha. Oddny alijitupia la kijivu mabegani tukakimbia mpaka ndani, na huko tukakuta foleni mbili: ndefu ya kwenda kwa ofisa, na fupi ya mageti ya mashine. Sisi Wanorwei tunaruhusiwa mashine.

"Mimi niende kwa mtu," Oddny alisema. "Mashine hainipendi. Hata ile ya kupima mizigo dukani hainipendi."

"Acha ujinga," Mama akasema. "Unaweka pasipoti, unatazama mbele, unapita. Sunniva, tangulia umwonyeshe."

Nikatangulia. Niliweka pasipoti kwenye kioo, nikaitazama kamera kwa uso wa mtu asiye na deni wala wazo, taa ya kijani ikawaka, nikapita. Geti la jirani Mama alifanya vivyo hivyo. Alivua miwani kabla hajaambiwa, akanyoosha shingo, akapita kama anayeingia sebuleni kwake. Hakusimama hata kugeuka.

"Mtanikuta nje," alisema. "Nataka nimwone huyo bwana kabla hajajiandaa."

Akapotea kwenye mlango wa forodha na kibegi chake cha magurudumu.

Nikageuka kumtazama Oddny. Alikuwa amesimama mbele ya kamera, kofia ya sufu mkononi, akitabasamu. Nikamwashiria asitabasamu. Akaacha. Mashine ikafikiri. Ikafikiri tena. Kisha ikawaka taa nyekundu, na mshale ukamwelekeza pembeni, kwenye meza ya ofisa.

"Nilisema mimi!" akaniitia kupitia kioo, karibu kwa furaha.

Ofisa alikuwa mwanamke wa makamo, miwani ikining'inia shingoni kwa mnyororo. Nilisimama upande wangu wa mstari, hatua kama sita, nikiwasikia vizuri. Aliitazama pasipoti, akamtazama Oddny, akairudia pasipoti.

"Jina lako, mama?"

"Oddny."

"Hapa pameandikwa Torbjørg."

Oddny aliinama kuisoma. "Huyo ni dada yangu," akasema.

"Kwa nini una pasipoti ya dada yako?"

Oddny alijitazama. Aliona mkono wa kijivu, akaushika kama anayeuona mara ya kwanza. "Hili ni koti la dada yangu."

"Na dada yako yuko wapi?"

"Ameshaingia."

"Ameingia kwa pasipoti ya nani?"

Mama mdogo hajui kudanganya. Akijaribu shingo yake huwa nyekundu. Alijinyooshea kidole kifuani, taratibu, kama mtoto aliyeulizwa nani amekula keki.

Ofisa alivaa miwani yake. Aliishika ile pasipoti karibu na uso wa Oddny. Najua picha ile. Mama alipigwa wiki mbili baada ya kumzika baba, na alikuwa amekonda, macho yameingia ndani. Ni sura ya mama yangu, lakini hata mimi huwa sipendi kuifungua. Oddny naye, siku hiyo, alikuwa na mashavu ya mtu anayepigiwa simu kila asubuhi.

"Ndiyo maana mashine imekukataa," ofisa akasema kwa upole. Kisha akaninyooshea kalamu mimi, na upole ukaisha. "Wewe. Uko nao?"

"Ni mama yangu. Yule mwingine, aliyepita. Na huyu ni mama yangu mdogo. Ni bahati mbaya tu, walibadilishana makoti, mmoja aliona baridi..."

"Mlete."

Alimwita kijana wa zamu anisindikize, tukatoka kwa miguu ya haraka.

Ukumbi wa kupokelea wageni ulikuwa na watu wachache. Niliwaona mara moja. Mama alikuwa ameketi kwenye benchi karibu na duka la maua, ndani ya lile koti la bluu, na pembeni yake mzee mrefu mwenye mvi zilizochanwa kwa maji alikuwa ameushika mkono wake kwa mikono yake miwili. Alikuwa anaongea mbiombio. Nilimwashiria kijana wa zamu asubiri kidogo, sijui kwa nini. Naye, Mungu ambariki, akasubiri.

"...sijapata usingizi siku tatu," Innes alikuwa anasema kwa Kinorwei chake cha viazi. "Nimepaka rangi choo mara mbili. Umesema hapendi watu wanaozungukazunguka, sasa nikimweleza moja kwa moja atasema nina kiherehere, nisipomweleza atasema naficha. Niambie, Oddny, kabla hajatoka. Nifanyeje na dada yako?"

Mama hakusema neno. Mama, ambaye hata kwenye mazishi huwasahihisha wachungaji! Aliniona juu ya bega la Innes, akanikazia jicho. Najua jicho lile. Maana yake ni: ole wako.

"Sitaki kukuhamishia huku," mzee akaendelea. "Hilo nataka ulijue leo, maana kwenye simu nimeshindwa kulisema. Mnakunywa kahawa pamoja kila asubuhi, wewe na yeye. Tangu shemeji yako afe. Mimi najua nyumba ikinyamaza asubuhi inakuwaje. Siwezi kumfanyia mwanamke mwingine vile. Nimemwita mtu wa nyumba aje apime bei ya hii yangu. Nitahamia kwenu mimi. Lakini akisikia hivyo si atadhani nakuja kumwekea kiti mezani pake?"

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Alitoa mkono wake wa pili, akaupapasa mkono wa yule mzee mara mbili, kavu kavu, kama anavyopapasa unga uliokwisha kukandwa.

Kijana wa zamu alikohoa.

"Mama," nikasema, "unaitwa ndani."

Innes alinigeukia kwa tabasamu la kunikaribisha, kisha lile neno likamfikia. Alinitazama mimi. Alimtazama Mama. Aliuachia ule mkono kana kwamba ni pasi ya umeme.

"Wewe ni Torbjørg," alisema.

"Ndiye mimi," Mama akasema. "Figo zako zinaendeleaje?"

Tulimwacha pale akiwa mwekundu mpaka kwenye masikio. Njiani Mama hakuuliza anaitiwa nini, ikabidi nimwambie mwenyewe. Alisimama, akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani upande wa kushoto, akafungua pasipoti.

"Loo," alisema. "Mimi ni Oddny."

Walitushikilia dakika hamsini. Waliwatenganisha, kila mmoja chumba chake, ili wawaulize maswali. Ofisa alituambia baadaye, akificha kicheko, kuwa hajawahi kufanya kazi ya bure namna ile. Siku ya kuzaliwa? Moja. Mahali? Pamoja. Jina la mama? Lilelile. Shule, kanisa, rangi ya nyumba? Vilevile, hata kwa maneno yaleyale. Kilichowaokoa ni sahihi. Mama husaini kwa herufi kubwa zinazotaka karatasi nzima. Sahihi ya Oddny ni kama nzi aliyetoka kwenye wino. Ofisa alilinganisha, akapiga simu mbili, akaandika karatasi tatu, akawarudishia kila mmoja yake.

"Lingekuwa jambo kubwa," alisema, amekaza sauti, "kama mngekusudia."

"Huyu hawezi kukusudia kitu," Mama akasema, akimwonyesha mdogo wake.

Oddny aligeuza uso. Nilidhani ni uchovu.

Innes alitupeleka kwake kwa gari dogo lililooshwa mpaka ndani ya kisahani cha majivu ya sigara, ingawa havuti. Hakuna aliyeongea sana. Nyumba yake ilikuwa ya mawe, juu ya kilima kidogo, na dirisha la jikoni likitazama shamba la shayiri na bahari nyuma yake. Choo kilinuka rangi mbichi. Alitupatia supu ya samaki wa kukaushwa kwa moshi na viazi, akimwekea Mama kwanza.

Kijiko cha tatu, Oddny akaweka chake mezani.

"Kulikuwa na nini pale benchini? Mbona kila mtu ananyamaza?"

Nilitazama supu yangu. Innes alitazama dari. Mama ndiye aliyesema.

"Alinidhania ni wewe. Akaniambia atauza nyumba hii ahamie kwetu, ili tusiachane. Nimelifikiria. Sioni ubaya. Chumba chako cha chini kina jiko lake, ua tutautoboa mlango, na asubuhi anaweza kuja kunywa kahawa kwangu, mradi asinieleze habari za mfereji." Alimgeukia Innes. "Nilikuja na maswali kumi na manne. Nimebakiza mawili, na si ya haraka."

Kwa Mama, hiyo ni hotuba ya kumvika mtu taji. Innes alivuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini.

Lakini Oddny alikuwa anakuwa mwekundu shingoni, na safari hii hakuwa anadanganya.

"Habari yangu," akasema, "umeisikia wewe kwanza."

"Si alinishika mkono..."

"Habari yangu mimi, Torbjørg! Ya kwanza maishani ambayo ingekuwa yangu peke yangu. Umeisikia wewe, umeifikiria wewe, umeiamua wewe, na mimi nimekaa kwenye chumba cha polisi najibu maswali kuhusu rangi ya nyumba yako!"

"Nyumba zetu zote ni nyeupe."

"Kwa sababu wewe ulitaka nyeupe! Mimi nilitaka njano!"

Mama alinyamaza. Sikumbuki kumwona akinyamaza mara mbili kwa siku moja.

"Na wewe," Oddny akamgeukia Innes, sauti imeshuka, "nani alikuambia sitaki kuja huku? Uliniuliza?"

"Nilidhani kahawa..." Innes akasema.

"Naipenda kahawa. Nampenda dada yangu. Lakini nina miaka sabini na miwili, na kila siku ya Mungu, dukani, kanisani, kwa daktari, mtu ananisalimia 'Torbjørg' na mimi naitikia kwa sababu ni kazi kumsahihisha. Hapa hakuna anayemjua Torbjørg. Nataka kukaa mahali ambapo nikipita mtu anasema, yule pale ni Oddny. Hata kama ni miaka mitano tu imebaki. Mnasikia? Nyumba hii isiuzwe."

Akachukua kijiko, akaendelea kula. Alikula supu yote, akajikatia mkate. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini hakuyafuta, wala sisi hatukuthubutu kumpa kitambaa.

"Mlango," Innes alisema baada ya muda, kwa sauti ndogo. "Mlango wa nje una rangi gani ungependa?"

"Njano," Oddny akajibu.

Mchana ule Mama alisema anataka kunyoosha miguu. Nilimfuata mpaka kwenye ukuta wa mawe unaozunguka shamba la shayiri. Mvua ilikuwa imekatika. Alikuwa amevaa koti lake la kijivu, mikono mfukoni, akitembea mbele yangu kama anapima eneo. Nilingoja aanze kulalamika. Hakulalamika.

"Ulijua alitaka njano?" akaniuliza.

"Sikujua, Mama."

"Mimi nilijua." Alitembea kidogo. "Niliona alipoishika ile karatasi ya rangi dukani. Miaka ya themanini na kitu. Nikasema nyeupe haichafuki. Uongo, inachafuka sana."

Tulisimama. Chini kule, kupitia dirisha la jikoni, tuliwaona wale wawili wakiosha vyombo. Innes alikuwa anaeleza kitu kwa mikono yenye povu, na Oddny alikuwa amerudisha kichwa nyuma anacheka.

"Mtu mzima ananiogopa vile mpaka anapaka choo mara mbili," Mama akasema. "Baba yako tu ndiye alikuwa hivyo." Kisha akajifuta pua kwa mgongo wa mkono, akauliza kama anayeuliza bei ya vitunguu: "Ndege za kuja huku ziko ngapi kwa wiki?"

"Nne, wakati wa kiangazi."

"Na wakati wa baridi?"

"Mbili."

Alihesabu kitu kichwani, midomo ikicheza. "Mbili zinatosha," alisema, akageuka kurudi.

Siku zilizobaki za safari ile Mama alikuwa mgeni mbaya lakini mwenye adabu. Alikosoa visu vya Innes, akavinoa vyote. Yale maswali mawili aliyobakiza hakuyauliza. Bahasha niliiona kwenye moto wa sebuleni. Siku ya kuondoka mimi na Mama, kwani Oddny aliongeza wiki moja, walikumbatiana mlangoni, mapacha wale, kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuona, na aliyeachia kwanza alikuwa Oddny.

Alihamia mwezi wa kwanza mwaka uliofuata, na masanduku sita na mche wa waridi mwitu uliofungwa kwenye gazeti. Walifunga ndoa kwenye ofisi ya wilaya, watu tisa, na kwaya ya wazee ikaimba nje kwenye baridi. Nyumba yake ya Haugesund imepangishwa kwa muuguzi kijana na mkewe. Asubuhi, saa mbili, simu ya Mama inalia. Huiacha ilie mara tatu ili asionekane alikuwa anaingoja, kisha anamimina kahawa, anaiweka simu juu ya meza mbele ya kile kiti kingine, na ninachosikia mimi nikipita kwenda kazini ni sauti ya mama mdogo ikieleza, kwa kirefu, habari za mfereji.